Maji Yasiyotikisika

Ko. Ko-ko. Ko.

Kiplimo Sigei aliusikia mlio huo kabla hajaona chochote. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya mashamba ya chai tangu asubuhi, ukala kwanza vilele vya mikaratusi, kisha bomba la moshi, kisha paa zima la kiwanda, hata ikawa anayeteremka ile njia ya udongo mwekundu kwenda zamu ya saa nane mchana anatembea kama mtu aliyefunikwa blanketi lililolowa. Alisimama, akasikiliza. Mlio ukakatika. Akapiga hatua mbili, ukarudi. Ko-ko. Ulikuwa mkavu, kama mtu anayegonga sufuria tupu kwa kifundo cha kidole, bila haraka, akiwa na hakika kwamba atafunguliwa.

"Mafundi hao," akajiambia. Lakini ilikuwa Alhamisi, na mafundi walikuwa wamekwenda mjini Kericho tangu jana kutafuta mikanda ya mashine.

Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu apewe usimamizi wa zamu ya mchana, na cheo kilikuwa bado kinamwasha mwilini kama shati jipya. Watu arobaini na mmoja walikuwa chini yake: wa kunyausha majani, wa kuyasaga, wa kuyakausha, wanawake wa chumba cha kuchambua, na mtu mmoja wa boila, lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji yawe mvuke wa kukaushia chai. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, koti la kijivu lenye kalamu mbili mfukoni, na imani kwamba kiwanda ni kama ng'ombe wa maziwa: ukijua kukishika, kitatoa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ng'ombe naye husikia sauti ya anayemkama, akaamua.

Ulikuwa mwaka wa 1992, mwaka ambao watu wa nchi ya chai walijifunza kusikiliza. Mbwa akibweka mara mbili, redio ilizimwa. Lori likipunguza mwendo karibu na kambi ya wafanyakazi, kina mama waliwaita watoto ndani. Kule mpakani nyumba zilikuwa zimechomwa. Nani alianza? Kila mtu alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa na kabila. Watu wa kutoka ziwani, waliozalia watoto wao Kericho na kuwazika wengine hukohuko, walianza kufunga masanduku kimyakimya. Wenyeji waliokuwa wamekopeshana nao chumvi miaka ishirini walianza kupita mbele ya milango yao wakitazama viatu vyao wenyewe. Kiwandani watu walifanya kazi bega kwa bega, na hakuna bega lililoliuliza jingine limelalaje. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakuwahi kuona boila, lakini hawakukosea.

Zamani, yaani wiki sita tu zilizopita, zamu ya boila haikuhama kwa kalamu. Ilihama kwa kikombe. Mtu anayetoka alichemsha chai ya maziwa pembeni mwa tanuri, akaimimina kwenye kikombe kimoja kikubwa cha bati, akanywa yeye kwanza, kisha akampa anayeingia, wote wawili wamekaa juu ya gogo mlangoni. Kikombe kilipokuwa kikienda na kurudi, aliyetoka alikuwa na wajibu wa kusema. Moto umelala vipi. Kuni zipi ni mbichi. Pampu imelisha maji mara ngapi. Na mwisho kabisa alisema kile kilichomtia wasiwasi, hata kama hakuwa na sababu. Bila neno hilo la mwisho, funda la mwisho halikunywewa, na zamu haikuwa imehama. Hakuna aliyejua nani alianzisha desturi hiyo. Kipsang Mutai wa zamu ya asubuhi, mwenyeji wa upande wa Kaplong, na Joab Obonyo wa zamu ya mchana, mtu wa ziwani, walikuwa wameishika miaka kumi na tisa.

"Omera, leo umepika chai ama umeosha soksi?" Joab aliuliza kila mara, akimwita ndugu kwa lugha ya ziwani.

"Kunywa tu, boiyot," Kipsang alijibu, akimwita mzee kwa lugha yake. "Soksi ni zako."

Kisha Bwana Tanui, meneja, akatoa amri. Nyakati zilikuwa mbaya, alisema, hataki mikusanyiko ya makabila mlangoni, na hataki dakika kumi za kampuni zinywewe na wazembe. Kuanzia sasa ni kitabu na sahihi. Kiplimo ndiye aliyepigilia tangazo hilo kwenye mlango wa boila, akatumia misumari minne pale ambapo miwili ingetosha.

Hilo lingeweza kusameheka. Jingine lilikuwa gumu zaidi. Wiki mbili nyuma, kwenye mkutano wa Jumatatu, mzee Joab aliinua mkono mbele ya watu wote. Alisema kioo cha maji, ile neli ya kioo iliyo ubavuni mwa boila ya kuonyesha maji yamefika wapi ndani, kinaanza kuziba kwa chumvi. Aliomba boila izimwe nusu siku isafishwe.

Bwana Tanui alimtazama kutoka kofia hadi buti. "Nusu siku! Mzee, nani amekutuma uzime kiwanda? Kama umechoka na chai, sema. Nauli ya kurudi kuvua samaki tutakuchangia."

Watu walicheka, wengine kwa woga, wengine kwa uchovu. Kiplimo alicheka kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amesimama karibu zaidi na meneja. Kesho yake barua ya onyo ikatoka, na chini yake palikuwa na sahihi ya Kiplimo. Tangu siku hiyo mzee Joab alikuwa hasemi kitu kisichoulizwa, na alichoulizwa alikijibu kwa maneno mawili.

Sasa Kiplimo alifika uani. Kipsang alikuwa anatoka mlango wa boila, amejifunika gunia la plastiki kichwani dhidi ya manyunyu. Alimpita mzee Joab anayeingia kama mtu anavyopita nguzo. Hakuna salamu iliyotoka kwa yeyote kati yao.

Kiplimo akapita kwanza kwa watu wa kunyausha kuhesabu waliofika, kisha akaingia boila. Joto la mle ndani lilimpiga usoni. Joab alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho yake kwenye kile kioo cha maji.

"Habari ya mchana, mzee Joab."

"Nzuri, bwana msimamizi." Zamani alikuwa akimwita kijana wangu.

"Nimesikia kitu kikigonga."

"Ndiyo."

"Ni nini?"

"Kitabu kiko hapo."

Kiplimo akakifungua. *Moto sawa. Maji sawa. Pampu sawa. K. Mutai.* Chini yake, kwa mwandiko wa kulala: *Nimepokea. J. Obonyo.* Akatazama kioo. Maji yalikuwa nusu, palepale yanapotakiwa kuwa. Akatazama mshale wa mvuke. Ulikuwa mahali pake. Kila kitu kilikuwa sawa, na nywele za shingo yake zilikuwa zimesimama.

Ko.

"Basi kazi njema, mzee."

"Asante."

Alitoka akaingia chumba cha kuchambua, kilichogawana ukuta mmoja na boila. Wanawake kumi na wanane walikuwa wameinama juu ya meza ndefu, vitambaa puani, vumbi la chai likielea. Nyatichi, mkubwa wao, mwanamke wa Kisii mwenye ulimi uliokuwa ukiogopwa kuliko mashine yoyote, alimwita kwa kidole.

"Msimamizi, njoo utuuguzie mgonjwa wetu."

"Nani mgonjwa?"

"Ukuta. Weka mkono. Usiogope, haujaolewa."

Wanawake wakacheka. Kiplimo akaweka kiganja, akakitoa upesi. Miaka yote ukuta ule ulikuwa vuguvugu. Wanawake walianikia leso zao pale. Leo uliunguza.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa saba na kitu. Zamu ya asubuhi wametuachia ukiwa hivyo." Nyatichi hakuwa anacheka tena. Akamsogelea, akashusha sauti. "Na kuna jambo jingine, na mimi sitaki kuitwa mchongezi. Mama Wilkista hayuko mezani."

Wilkista alikuwa mke wa mzee Joab. "Anaumwa?"

"Alikuja mzima kabisa. Hata hajafunga kitambaa, mume wake akaja hapa mlangoni, akamwambia, enda nyumbani, unaumwa. Mama akasema, mimi siumwi. Mzee akasema, unaumwa, Wilkista, enda. Akaenda." Nyatichi akamtazama machoni. "Msimamizi, mwenye nyumba akitoa mke wake nje, wewe mgeni unaendelea kukaa ndani ukingoja nini?"

Uvumi ulikuwapo. Kwenye vibanda vya Litein alikuwa ameusikia kwa masikio yake: watu wa ziwani hawataondoka hivihivi, wataacha kitu kikiwaka nyuma yao. Alikuwa ameusikia na hakuukanusha. Sasa uvumi ulikuwa umevaa ovaroli na kukaa juu ya ndoo.

Njia ilikuwa nyeupe mbele yake. Angekwenda langoni, angewaita askari wawili, wangemtoa mzee kwa mikono, na Bwana Tanui angempongeza kabla jua halijatua. Ndivyo angefanya meneja. Alifika hadi katikati ya ua akiwa na neno "askari" tayari ulimini. Ndipo lilipomjia jambo dogo lililomgandisha: mzee alikuwa amemtoa mke wake, lakini yeye mwenyewe amebaki. Mtu anayetaka kulipua nyumba haketi kwenye ndoo mbele ya moto akiusubiri.

Akageuka.

Mzee Joab hakuinua uso alipoingia. Kiplimo akavuta kipande cha gogo, akakaa chini kuliko mzee, magoti yakimfika kifuani, koti la kijivu likiburura kwenye majivu.

"Mzee Joab, niambie unachojua."

"Mimi sijui kitu, bwana msimamizi. Nina shaka tu. Shaka haina stempu."

"Niambie hiyo shaka."

"Barua yako inasema nikirudia kueneza hofu miongoni mwa wafanyakazi, nitafutwa bila notisi. Kueneza hofu." Aliyatamka maneno hayo polepole, kama msomaji wa kanisani. "Nimeikariri yote. Nikupe na tarehe?"

Ko-ko. Ko. Mlio ulikuwa ndani ya tumbo la boila, hatua tatu kutoka kwao. Kiplimo aliona jasho likimtiririka mzee shingoni, na akaelewa kwamba hata yeye anaogopa, ila ameipima hofu ya chuma na hofu ya karatasi, akaona ya karatasi ndiyo kubwa.

"Siku ile nilicheka," Kiplimo akasema.

Mzee akaendelea kutazama kioo.

"Hukuwa umesema la kuchekesha. Nilicheka kwa sababu meneja alikuwa ananitazama mimi. Na barua nilitia sahihi bila kusoma mara mbili. Nilikuwa nimekosa, mzee. Nilikosa mbele ya watu, na hapa naomba msamaha nikiwa peke yangu. Hiyo nayo ni nusu tu, najua. Nusu nyingine nitailipa mbele ya watu."

Mzee akafuta jasho la shingo kwa kiganja.

"Umemtoa mama nje. Sikulaumu, ningekuwa wewe ningemtoa wangu. Lakini nyuma ya ukuta huu kuna wanawake kumi na wanane, mzee, na hakuna mmoja wao mwenye mume wa boila."

Hapo mzee alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Tazama kioo," akasema.

"Naona. Nusu."

"Tazama tena. Usitazame kiasi. Tazama maji yenyewe."

Kiplimo akatazama. Maji yalikuwa yamesimama ndani ya kioo, laini, tuli, mstari wake kama umechorwa kwa rula.

"Boila ikichemka, maji ya kioo hayatulii hata dakika," mzee akasema, na sasa maneno yalikuwa yakitoka kama yaliyokuwa yamezuiwa na bwawa. "Yanatetemeka. Yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, kama kifua cha mtoto aliyelala. Haya hayapumui. Haya ni maji yaliyofungiwa hapo baada ya njia kuziba. Yanaonyesha nusu, na yataonyesha nusu hata ndani kukiwa jangwa."

"Ndani kuko jangwa?"

"Hilo ndilo sijui! Kama pampu imekuwa ikilisha vizuri, ndani kuna maji na kioo tu ndicho kinachodanganya. Anayejua pampu imewashwa mara ngapi ni yule aliyetoka. Na yule haongei na mimi. Mtu alitutupia karatasi mlangoni kwetu, karatasi ya kutuambia tuhame, na mimi nikafikiri anamjua aliyeitupa. Kwa hivyo mimi pia siongei naye."

Kiplimo hakungoja. Alikimbia uani, koti likipepea, na watu wa mashine za kusaga wakatoa vichwa, kwa kuwa msimamizi alikuwa hajawahi kuonekana akikimbia. Kipsang alikuwa bado langoni, amejibanza chini ya paa la kibanda cha askari akingoja manyunyu yapungue.

"Kipsang! Pampu uliwasha mara ya mwisho saa ngapi?"

"Nimeandika kwa kitabu, arap Sigei. Pampu sawa."

"Sikuulizi kitabu. Nakuuliza wewe. Saa ngapi?"

Kipsang akakuna kidevu. "Saa saba kasoro robo hivi."

"Na kawaida?"

"Kawaida kila baada ya dakika ishirini. Lakini leo kioo hakikushuka, nikawasha ya nini? Nilisema leo boila imepata adabu." Akataka kucheka, akaona uso wa Kiplimo, kicheko kikafia njiani. "Mashine za kukausha zilikuwa zimepumzika hadi saa saba na nusu, ndiyo nikafikiri... Kuna nini?"

"Hukuona ajabu?"

"Niliona!" Kipsang akapaza sauti, sauti ya mtu anayejitetea mbele ya nafsi yake. "Niliona ajabu. Lakini ajabu ningemwambia nani? Kitabu hakina mahali pa ajabu. Na yule mzee siku hizi akinitazama ni kama mimi ndiye nimechoma kwao."

Kiplimo akamshika mkono, akamvuta. Waliingia mbio hadi mbele ya ndoo. Wale wanaume wawili wakatazamana kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita.

"Mwambie," Kiplimo akasema. "Mwambie yeye, si mimi."

"Boiyot," Kipsang akasema. "Sijawasha pampu tangu saa saba kasoro robo."

Uso wa mzee ukawa rangi ya majivu. Akanyoosha mkono wenye glavu, akafungua kile kibomba kidogo chini ya kioo. Maji yakachuruzika sakafuni, machache, kiasi cha kikombe cha kahawa. Kioo kikabaki kitupu. Akafunga, wakangoja. Maji mapya yalitakiwa kupanda mara moja kutoka ndani. Walihesabu moyoni, kila mtu kwa lugha yake. Hakuna kilichopanda.

"Omera," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Tumekalia mauti."

Mkono wa Kiplimo uliruka kwenye swichi ya pampu. Ndivyo mkono wa mtu yeyote ungefanya: kitu kikavu, ukipe maji.

"Usiguse!" Mzee alimrukia kwa nguvu ambayo hakuna aliyeijua kwamba anayo. "Chuma cha ndani kimeshika moto. Ukikitupia maji baridi sasa hivi, vipande vyetu wataviokota Longisa. Tunatoa moto. Hatutii maji. Kijana wangu, toa watu!"

Kiplimo akafungua mlango wa chumba cha kuchambua. "Nyatichi! Wote nje, hadi juu kwenye chai. Msikimbie, msirudi kuchukua kitu."

Nyatichi hakuuliza kwa nini. "Wasichana, mmesikia! Anayependa leso yake kuliko roho yake abaki aisubiri ikauke!" Wakatoka kwa mstari, kisha watu wa kusaga, kisha wa kukausha, wakapanda kilima na kupotea kwenye ukungu katikati ya mistari ya chai.

Ndani, wazee wawili walifanya kazi bila neno. Joab alizima feni ya kupuliza moto. Kipsang akafungua mlango wa tanuri, na kwa kulabu ndefu wakaanza kuyavuta magogo yanayowaka, moja baada ya jingine, yakaanguka sakafuni yakitupa cheche, wakayasukuma hadi uani yakalia kwenye matope. Kiplimo alivua koti, akaliloweka kwenye pipa, akajifunga usoni, akashika koleo. Nywele za mikono yake ziliungua. Mle tumboni mlio ulikuwa umebadilika. Haukuwa ko-ko tena. Ulikuwa mkwaruzo mrefu, kama meno ya mtu mkubwa yakisagana usingizini.

"Nani amezima feni?"

Bwana Tanui alikuwa amesimama mlangoni, mwavuli mkononi, miwani imefunikwa mvuke.

"Mimi," Kiplimo akasema.

"Una wazimu? Majani tani kumi na nane yako kwenye mitambo! Yatachacha yote. Nani kakuambia?" Akamwona Joab. "Aha. Nilijua. Nilijua tu. Washa pampu, washa feni, na huyu mzee nitamshughulikia."

"Ndani hakuna maji, bwana meneja. Kioo kilikuwa kinadanganya."

"Basi tia maji! Mtoto wa shule ya msingi anajua hilo. Kama hakuna maji, tia maji!" Na akapiga hatua kuelekea swichi.

Kiplimo akaenda akasimama mbele yake, mgongo wake umeifunika swichi. Kwa miaka yote ya kazi yake hakuwahi kumzuia mkubwa hata kikombe cha chai.

"Toka hapo."

"Hapana."

"Kiplimo, nimekutoa kwenye gunia la majani nikakuvalisha koti. Toka hapo."

"Koti lilinifaa, bwana. Limelowa, liko hapa usoni. Lakini swichi hii huigusi."

Meneja akanyoosha mkono kupita bega lake. Wakati huohuo boila ikapiga. Haikuwa ko. Ilikuwa mshindo mmoja uliotikisa sakafu, neli moja ndani ikijipinda kwa joto, na vumbi la miaka ishirini likaanguka kutoka darini juu ya vichwa vyao. Taa ikazimika. Taa ilipowaka, mwavuli ulikuwa sakafuni na Bwana Tanui hakuwapo.

"Endelea kuvuta," mzee Joab akasema. "Hiyo ilikuwa inatuaga tu. Haijaamua kama inaondoka."

Wakaendelea kuvuta. Gogo la mwisho lilipotoka, wakafunga milango yote ya hewa, wakarudi nyuma hadi kwenye lundo la kuni, wakakaa watatu, wakitazama mshale wa mvuke. Ulishuka kwa mwendo wa konokono. Kila baada ya muda chuma kilipiga ukelele, na kila ukelele Kipsang alimshika mzee mkono bila kujua, kisha akauachia alipojua.

"Karatasi ile," Kipsang akasema. "Ya mlangoni kwenu. Namjua aliyeitupa. Si mimi. Lakini namjua, na nilinyamaza."

"Leo umesema," mzee akajibu. Hakusema amesamehe.

Ilipofika saa kumi na moja kasoro, mshale ulikuwa umelala. Walitoka nje wakiwa weusi kama sufuria. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo, na juu ya kilima watu wa zamu walikuwa wamesimama kati ya mistari ya chai, mabega yamelowa, hakuna aliyekwenda nyumbani. Mbali, upande wa mpakani, moshi mwembamba ulikuwa unapanda, na kila mtu aliuona na hakuna aliyeutaja.

Bwana Tanui alikuwa anangoja kando ya gari lake, karatasi juu ya boneti. Alizungumza kwa upole sasa, upole uliotisha kuliko ukali wake.

"Majani yamekufa yote. Makao makuu watataka jina. Nimekuandikia hapa: Joab Obonyo alizima boila bila ruhusa. Tia sahihi tu. Wewe una safari ndefu mbele, Kiplimo. Yule mzee anaondoka hata hivyo. Wote wanaondoka, huoni?" Akaelekeza kidevu kwenye ule moshi.

Kiplimo akachukua kalamu. Akakata jina la mzee, mstari mmoja, akaandika lake juu yake, kisha chini akaandika: *Kioo kilizibwa na chumvi. Joab Obonyo alitueleza wiki mbili kabla. Nilimcheka.* Akatia sahihi. Akaisoma kwa sauti, watu wa kilimani wakasikia.

Meneja aliikunja karatasi vipande vinne. "Kesho saa tatu, ofisini. Uje na koti lako. Utaliacha mezani." Gari likaondoka, taa zake nyekundu zikamezwa na ukungu kabla ya kona.

Watu wakateremka polepole, wakawazunguka. Nyatichi alimpa mzee leso yake ajifute uso. Mzee Joab hakujifuta. Alikuwa anamtazama Kiplimo kwa macho ya mtu anayepima kuni kama zimekauka.

"Leo nilikuwa na bahati," akasema. "Nilishuku, na shaka ikawa kweli. Ndiyo maana wananitazama hivi, kama nabii. Lakini mimi si nabii. Ipo siku nitashuku na boila itakuwa nzima. Nitasema zimeni, mtazima, majani yatachacha bure, na mtakuta kioo ni kizima na maji yamejaa. Siku hiyo, kijana wangu, utanifanya nini?"

Kipsang alikuwa ametazama chini. Kiplimo alijua kwamba swali hilo si la mzee peke yake. Lilikuwa la wote arobaini na mmoja, na wakikosa jibu lake hapa, kesho kila mmoja atarudi kwenye kitabu na kuandika sawa, sawa, sawa, hadi siku ya kufa. Alijua pia kwamba huenda kesho saa nne asubuhi hatakuwa na zamu ya kuahidi.

Akamshika mzee mikono yote miwili, masizi kwa masizi, akapaza sauti wa nyuma nao wasikie.

"Mzee Joab, nakuahidi mbele ya hawa wote. Kama nitabaki hapa, au kama nitasimamia watu wawili tu kwenye kibanda cha kupimia majani, siku utakaposema simamisha, nitasimamisha kwanza, ndipo niulize. Ukiwa umekosea, hilo kosa ni langu kulibeba. Wewe utarudi kazini kesho yake, utakaa mahali pako, na ukishuku tena, utasema tena."